Kopo la Babu, sabuni ya Bibi

Mwezi huu sizungumzii michepuko, wala mawifi, wala yule bosi anayemtumia mkeo meseji saa nne usiku. Nazungumzia pesa. Tena siyo namna ya kuzipata, maana kwa hilo kila mtu ana lake la kusema. Nazungumzia siku zitakapokatika. Zikatike kwako peke yako, au zikatike kwa nchi nzima.

"Ah, dada, mbona unatutisha?" Sikutishi. Ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta, halafu utaamua mwenyewe.

Lakini kabla ya yote kuna jambo la kukiri. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnakumbuka niliwahi kuandika kwenye safu hii kwamba kila mwanamke awe na kibubu chake ambacho mume hakijui. Mlinipongeza sana, hasa akina dada. Leo nairudia mada ile, kwa sababu nusu ya ushauri ule umenitokea puani.

MSHAHARA ULIPOKATA

Mwanzoni mwa mwaka 2025 misaada mingi ya nje iliyokuwa inaendesha miradi ya afya ilisimama ghafla. Mume wangu alikuwa anashughulika na takwimu kwenye mradi mmoja wa namna hiyo. Ijumaa alikuwa na kazi, Jumatatu hana. Siyo kwamba aliiba, siyo kwamba alichelewa kazini. Zilikatika tu.

Baba Watoto ni mwanaume wa "tutavuka tu". Kila nikimuuliza, tutavuka tu. Ada ya shule? Tutavuka. Kodi ya nyumba? Tutavuka. Mwezi wa tatu akauza gari letu, kale ka IST tulikokalipia kwa miaka miwili. Kwa kuwa alikuwa na haraka, aliyenunua akalichukua kwa bei ya kutupa. Siku ile alirudi nyumbani kwa daladala, akakaa kwenye kochi bila kuwasha hata TV.

Na mimi? Mimi nilikuwa na shilingi milioni 3 na laki 8 kwenye laini yangu ya pili, ile ninayoiweka kwenye pochi ya ndani. Sikusema kitu. Nilijiambia zile ni za dharura. Sasa sijui nilidhani dharura inafananaje!

Mwezi wa sita shule zilipofungwa tukaamua kuwapeleka watoto kwa Bibi yangu Kyela, kule Ipinda. Tuliwaambia watu ni likizo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakwepa gharama za mjini, maana kwa Bibi chakula hakinunuliwi.

BIBI NA "MUME WAKE"

Kama hujawahi kufika Kyela, una deni. Ukishatoka kwenye baridi ya Tukuyu basi linateremka tu, migomba kulia na kushoto, mara joto linakuvaa kama blanketi, na mbele yako tambarare lote ni mpunga, michikichi na kakao mpaka Ziwa Nyasa. Mwezi wa sita ni wakati wa mavuno. Kila ua una turubai, kila turubai lina mpunga unaoanikwa, na kuku wanafukuzwa mchana kutwa.

Bibi ana miaka themanini hivi, na ulimi wake una miaka ishirini. Alimkumbatia Baba Watoto akamtazama juu mpaka chini.

"Mume wangu, mbona umekonda hivi? Huyu mke mwenzangu hakupikii?"

Si unajua tena utani wa bibi na mume wa mjukuu wake. Lakini safari hii mume wangu hakucheka. Usiku baada ya kula, tukiwa tumekaa nje, akamwambia Bibi ukweli wote: kazi hakuna, gari hakuna, na hajui Januari tutalipa ada kwa kitu gani. Miezi mitano nilikuwa nasubiri aniambie mimi maneno yale. Akamwambia Bibi.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pole, baba. Ila hiyo yenu ni ya nyumba moja. Sisi yetu ilikuwa ya nchi nzima."

MIEZI 18 ILIYOGEUKA MIAKA

Vijana wenzangu tumezaliwa tukayasikia haya kama hadithi za sungura na fisi, kwa hiyo acha niwakumbushe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita ile ikala fedha za nchi mpaka 1979. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapaa duniani kote. Nchi ikabaki haina fedha za kigeni. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikawa miaka.

Sabuni ikapotea. Sukari, chumvi, mafuta ya taa, khanga, betri za redio, vyote vikawa vya foleni na kibali. Ukisikia duka la RTC limepata mzigo, unaamka saa tisa usiku kuweka jiwe lako kwenye mstari, na ukifika dirishani unaambiwa kimeisha. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na hofu ikawa kubwa kiasi kwamba wapo waliotupa bidhaa mitoni na vichakani ili wasikutwe nazo.

"Sasa ninyi huku mliishije, Bibi?" nikauliza.

"Tuliishi kwa mikono na kwa watu," akasema.

Mpunga walikuwa nao. Ndizi zilikuwepo, magimbi yalikuwepo, usipa wa ziwani ulikuwepo. Mpaka wa Malawi ni Mto Songwe tu, na upande wa Karonga sabuni na sukari zilipatikana. Akina mama wa huku walivuka usiku kwa mtumbwi wakiwa na mchele kichwani na mtoto mgongoni, wakarudi na mche wa sabuni, chumvi na kitenge. Bibi alivuka mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mara moja mtumbwi uliyumba, mchele ukazama, na mama yangu mzazi, aliyekuwa mgongoni, alinusurika kuzama nao.

Baada ya siku ile Bibi akasema basi. Akajifunza kwa jirani yake kutengeneza sabuni kwa mawese na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ilikuwa nyeusi, inanuka, lakini inatoa povu. Na hapa sikiliza vizuri wewe msomaji wangu wa ofisini: wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa mshahara. Walimu. Manesi. Walikuwa na noti mkononi lakini dukani hakuna cha kununua. Mwalimu mmoja alimfundisha mjomba wangu hesabu mwaka mzima kwa malipo ya sabuni.

KOPO

Nikadhani hadithi imeisha. Bibi akanyoosha mkono kwenye giza kuelekea jikoni, kile kibanda cha nje anachopikia.

"Yale mabati unayaona?"

Nimeyaona maisha yangu yote. Mabati sita, yameota kutu.

Babu alikuwa ameuza ng'ombe na mpunga kwa miaka kadhaa kwa lengo la kuezeka nyumba kubwa kwa mabati. Kufikia mwaka 1979 fedha ilikuwa imetosha nyumba nzima. Mabati hayakupatikana. Basi Babu akaziweka noti kwenye kopo la bati, akalifukia chini ya kitanda, akangoja. Hakumwambia mtu. Hata aliyelala juu ya kitanda kile hakumwambia!

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa pole pole. Mwaka 1986, nchi ikiwa chini ya Mzee Mwinyi, shilingi ikashushwa kutoka 17 hivi mpaka 40 kwa dola moja ndani ya miezi michache. Miaka yote hiyo bei zilikuwa zinapanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Babu akafukua kopo lake, akaenda mjini kwa mbwembwe. Akarudi na mabati sita.

"Aliyaezeka jikoni," Bibi akasema, "akaniambia ni zawadi yangu. Ndipo nikauliza fedha imetoka wapi. Ndipo nikajua kwamba usiku ule mtoto alipokaribia kufa mtoni kwa ajili ya mche wa sabuni, nilikuwa nimetoka kulala juu ya hela."

"Ulimsamehe?" nikauliza.

"Nilimpikia. Kusamehe kulichukua muda."

Mpenzi msomaji, usiku ule sikulala. Nilikuwa nasikia laini yangu ya pili inapumua kwenye pochi.

LYULILO, JUMAMOSI

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, tukaenda Matema, pale Milima ya Livingstone inapoingia moja kwa moja ziwani. Mbele kidogo, Lyulilo, kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vyungu vile vimekuwa vikibadilishwa kwa chakula tangu enzi, kabla benki hazijafika huku. Shilingi ipande, ishuke, mtu atapika tu.

Tulipokaa mchangani nikamwambia. Nikataja na kiasi. Baba Watoto hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Zilikuwepo siku ninauza gari?" Nikasema ndiyo.

Siku mbili hakusema na mimi zaidi ya "pita" na "asante". Siku ya tatu alfajiri akaniamsha akanionyesha simu yake. Mikopo ya mtandaoni mitatu, jumla zaidi ya milioni moja, na riba inakimbia. Alikuwa anakopa huku kulipa kule ili mimi nione unga umejaa ndani. Kumbe kila mmoja alikuwa na kopo lake. La kwangu lilikuwa na hela, la kwake lilikuwa na deni, na katikati yao gari limekwenda.

Asubuhi ile tulilipa madeni yote matatu. Kwa mara ya kwanza ndani ya ndoa ya miaka saba tukaandika kwenye karatasi moja kila tulicho nacho na kila tunachodaiwa. Kilichobaki hakikuwa kingi. Lakini kilikuwa kinajulikana.

MAMBO YA KUFANYA KABLA HAPAJACHAFUKA

Usidhani haya ni ya zamani. Hapo ng'ambo tu ya Songwe, Malawi ilishusha kwacha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, ikaishusha tena kwa asilimia 44 Novemba 2023. Dola iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Waliokuwa na kopo walilia kama Babu. Na Machi 2025 Malawi ikazuia mchele, mahindi, unga, tangawizi na ndizi kutoka nje. Aprili Tanzania nayo ikajibu kwa zuio lake. Baadaye pande mbili zilielewana, lakini ndizi hazisubiri mazungumzo.

Haya, chukua kalamu.

1. Jiulizeni swali moja. Mshahara usipoingia mwezi ujao, tunaishi siku ngapi? Hesabuni kodi, chakula, ada, dawa na nauli tu. Saluni na kitimoto cha Ijumaa viacheni nje. Jibu likiwa chini ya siku 30, hamjachelewa, lakini msilale.

2. Ueni deni la riba kwanza. Kuweka akiba huku mkopo wa simu unakula ni kujaza maji kwenye pipa lililotoboka. Kama hamna deni, basi msianze sasa kwa ajili ya sofa.

3. Msiweke kila kitu kwenye kopo moja. Kiasi kidogo cha noti kiwepo ndani, kwa siku ambayo mtandao umelala. Kingine benki, kwenye kikoba, au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS. Kingine kigeuzeni kitu cha kutumika: cherehani, jiko la kuokea, tofali, mche shambani. Fedha ikishuka thamani, cherehani inashona vilevile.

4. Nunueni chakula wakati wa mavuno, na kiwe mnachokula kila siku. Bibi haweki mchele, anaweka mpunga, maana kwenye ganda lake unakaa muda mrefu zaidi, na anakoboa kidogo kidogo. Mahindi na maharage tumieni mifuko isiyopitisha hewa, mdudu hafurukuti. Usipa ukikauka vizuri unavuka msimu. Lengo ni miezi mitatu. Anzeni na wiki mbili. Lakini akiba ni ya kula. Ukijaza stoo ili uje uwauzie majirani kwa bei ya kuwanyonga, huo ni ulanguzi, na siku wakikukumbuka hutapata wa kukuazima hata kiberiti.

5. Kila mmoja awe na kazi ya mikono ambayo jirani ataihitaji hata asipokuwa na hela. Bibi alikuwa na sabuni. Wewe una nini zaidi ya kutengeneza ripoti? Kusuka, kufuga kuku, kutengeneza simu, kufundisha watoto hesabu, vyote ni sabuni.

6. Msitegemee zao moja. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na Kyela ikanunua bodaboda mpya. Mwaka 2025 bei ikaporomoka. Bibi ana kakao, lakini migomba yake hajang'oa hata mmoja. "Kakao ya kuuza, ndizi ya kula," anasema. Nanyi kama wote wawili mnafanya kazi kwenye mradi mmoja au ofisi moja, mna zao moja.

7. Tunzeni watu. Wakati mnazo, tumeni hela ya mbolea kijijini, hudhurieni misiba, changieni kikoba. Huwezi kuanza kumtafuta ndugu siku unayohitaji gunia.

Na sasa kibubu. Akina dada, sijageuka. Mwanamke awe na fedha zenye jina lake, na akinyang'anywa ajue pa kushtaki. Kama unaishi na mtu anayekupiga au anayenywa kila senti, ficha, tena ficha vizuri, na tafuta msaada. Lakini kama unaishi na mtu mwema anayesema "tutavuka tu" kwa sababu anaogopa, basi akiba yako iwe yako, ila isiwe siri. Mwambie ipo, mwambie ni ya nini, mkubaliane itafunguliwa lini. Nawe kaka, deni unalolificha ili uonekane mwanaume halijifichi mbele ya mwenye kulidai.

GUNIA

Tulipoondoka Ipinda Bibi alitupa gunia la mpunga. Baba Watoto akalibeba mwenyewe mpaka stendi, akamlipa konda ya mzigo, akasema "ndaga fijo" kwa lafudhi iliyomchekesha kila mtu ndani ya basi. Bibi akamwambia kupitia dirishani, "Mume wangu, usikoboe lote mara moja!"

Sasa hivi anafundisha masomo ya takwimu jioni kwa wanafunzi wa chuo, sebuleni kwetu, na asubuhi anasambaza mayai. Gari hatuna. Kuna siku tukiwa kituoni na mvua inanyesha, IST nyeupe inapita, tunaiangalia wote wawili, halafu hatusemi kitu. Hilo halijaisha na sitakudanganya kwamba limeisha. Kusamehe kunachukua muda, Bibi alishasema.

Lakini ile karatasi ipo mlangoni mwa kabati, kwa ndani. Kila tarehe 1 tunaiandika upya. Usiku wa leo, kabla hamjazima taa, muulize mwenzako lile swali la kwanza. Akikasirika, usigombane naye. Tangulia wewe kufukua kopo lako.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.